Ngoma Hii Kapiga Nani?

Mwaka jana jumuiya yetu ilituomba tutengeneze muziki mfupi wa kufungulia sherehe ya vijana waliomaliza masomo. Kazi yetu ni uhandisi wa majengo, lakini tangu enzi za chuo huku Uingereza gitaa la besi halijatutoka mikononi. Tukafungua programu ya muziki kwenye kompyuta, tukachagua kipande cha ngoma kilichokwisha kurekodiwa, kinachojirudia mwanzo hadi mwisho bila kuchoka, kisha tukakesha siku tatu tukikitafutia besi.

Kazi hiyo hutaka sikio kuliko vidole. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.6 tu. Besi ikiitangulia ngoma ya mguu hata kidogo, wimbo hujikwaa. Ikichelewa kidogo kwa makusudi, wimbo hutulia. Ngoma ndogo inapolia, besi huna budi kuipunguza ili mlio ule upate nafasi. Usiku wa tatu tukagundua kwamba yule mpigaji, kila akikaribia mwisho wa kipande, hukichelewesha kijiti kidogo. Nasi tukaichelewesha noti yetu. Hapo ndipo wimbo ulipopata uhai.

Sherehe ikafana, pongezi zikaja, na kwenye karatasi ya ratiba likaandikwa jina letu peke yake: mtunzi. Mzee mmoja, aliyepiga ngoma za harusi Mombasa ujanani mwake, akatushika mkono.

“Mwanangu, besi nimeisikia, mashaallah. Na ngoma hii kapiga nani?”

“Kompyuta, mzee.”

Akacheka. “Kompyuta haina mkono, mwanangu. Yule ni mtu.”

Tulijibu haraka, na jibu lile ndilo linalotusumbua hadi leo. Sisi wenyewe tulikuwa tumemfuata mtu yule siku tatu, tukajua hata anapokawiza kijiti, kisha mbele ya watu tukamwita mashine.

Jambo hili si geni. Novemba 1969, mjini Cincinnati, Marekani, Clyde Stubblefield alipiga ngoma katika wimbo wa James Brown uitwao “Funky Drummer”. Katikati ya wimbo wenzake waliambiwa wampishe. Besi ikanyamaza, akabaki yeye na ngoma zake kwa vipimo vinane vya muziki. Miaka ya 1980 na kuendelea, wanamuziki wengi walikata kipande kile wakakitumia katika mamia ya nyimbo. Lakini mtunzi aliyeandikishwa alikuwa James Brown. Mpigaji wa kukodiwa alikuwa amelipwa ujira wake, na kisheria yakaisha. Stubblefield alilalamika kwamba hakulipwa kwa matumizi hayo wala hakutajwa. Alifariki Februari 2017 mjini Madison, Wisconsin, baada ya kuugua figo. Na ni katika mji huohuo wa Madison ambako kampuni ya Sonic Foundry ilitoa mwaka 1998 programu ya ACID, mojawapo ya zilizorahisisha kazi ya kuunganisha vipande vya ngoma kwenye kompyuta. Mwenye mkono na chombo cha kuutumia mkono bila mwenyewe walikuwa majirani.

Wapo watakaosema: kipande chenu kilikuja na programu, mmeinunua kihalali, deni liko wapi? Ni kweli, deni la fedha halipo. Wengine watasema ngoma za wazee wetu hazikuwa na majina, zilipita mkono kwa mkono. Hilo pia ni kweli, ila tuliangalie vizuri. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mpiga ngoma wa harusi alikuwa pale pale: watu walimwona akitoka jasho, walimtunza, walimpakulia pilau, na asubuhi mtaa mzima ulijua nani kapiga. Jina halikuhitaji kuandikwa kwa sababu uso ulikuwepo. Kipande cha kompyuta kimeuondoa uso na kuuacha mkono. Ndiyo maana tunaona kwamba sasa jina limekuwa wajibu, kwani ndilo pekee linaloweza kushika nafasi ya uso.

Sisi tunaoishi ugenini tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Ni wangapi miongoni mwetu kazi yao inaonekana kila siku, sakafu zinang'aa, wagonjwa wamegeuzwa vitandani, hesabu zimekamilika, na anayeulizwa ni nani kafanya hujibu jina la kampuni?

Katika uhandisi, kila karatasi ya mahesabu ya nguzo huwa na sehemu ya aliyekokotoa na sehemu ya aliyehakiki. Hatukuona hilo kuwa adabu tu. Ni ukweli kuhusu jengo limesimama juu ya kazi ya nani. Vipi basi tuusahau ukweli huo kwenye wimbo?

Tulitafuta jina la mpigaji wetu katika maelezo ya programu, hatukulipata. Mwaka huu wimbo uleule umeombwa tena. Kwenye ratiba tumeandika: “Besi ni yetu. Ngoma kapiga mtu tusiyemjua, naye tunamshukuru.” Mzee alipoisoma alitikisa kichwa. “Angalau sasa,” akasema, “mmemkaribisha ndani.”