Kuku wa Kuchinjwa Ana Haki Gani?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Buyenzi, Bujumbura. Kuku wa Bibi walikuwa wamepewa chanjo ya kideri, na baada ya wiki 3 daktari wa mifugo akaja kuchukua damu ili ipimwe kama chanjo imeshika. Kazi yangu ilikuwa kushika kuku.

Wa kwanza nilimning'iniza kichwa chini, kama tunavyowabeba kutoka sokoni. Akapapatika, sindano ikateleza, damu ikavilia chini ya bawa. Daktari akanielekeza: mlaze ubavu, mfunike kwa mikono, kunjua bawa taratibu, ngoja atulie. Sindano ikitoka, bonyeza kwa pamba mpaka damu ikatike. Inatosha mililita 1 au 2 tu.

Bibi akacheka: "Mjukuu wangu, si huyo huyo tutakayemchinja Iddi? Wambembeleza wa nini?"

Nilikosa jibu. Ikiwa tumeruhusiwa kuutoa uhai wake wote, maumivu ya sindano yana uzito gani?

Nikakumbuka hadithi ya Shaddad bin Aws katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) alituamrisha ihsani katika kila jambo, na mfano alioutoa ni kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apunguziwe taabu. Basi haki ya mnyama haikuondolewa kwa sababu atakufa. Imewekwa palepale anapokufa. Haki isiyoanguka mbele ya kisu itaangukaje mbele ya sindano? Ibn Umar naye aliwakuta vijana wamemfunga kuku wakimlenga mishale, akawakemea. Kuku yule pia alikuwa halali kuliwa. Tumeruhusiwa kumla, hatukuruhusiwa kumtesa.

Mwingine atasema: basi tusimchome kabisa. Lakini kideri humaliza banda zima, na kuwaacha wafe si huruma. Fiqhi inatufundisha kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Tundu la sindano lilikuwa la lazima. Kule kuning'inizwa hakukuwa na lazima yoyote. Kulitokana na haraka yangu, nami nitaulizwa.

Bibi bado ananicheka. Hata hivyo, juzi nimesikia kwamba siku hizi jogoo wake humpakata anapompeleka sokoni.

Allah atujaalie huruma kwa wasioweza kutushitaki hapa duniani. Amin.