Mtani wa Mnunuzi

Wiki hii nimeudhiwa na simu ambayo wala sikuinunua. Asubuhi, kwenye televisheni, kijana mtanashati aliketi na simu mpya mkononi, na chini ya kioo wakaandika kwa herufi kubwa: UHAKIKI. Nikasogeza kiti. Simu yangu siku hizi inazima kabla ya adhuhuri, na mtu mwenye shida hiyo hapuuzi ushauri wa bure.

Kamera? Kali sana. Betri? Inakaa balaa. Kioo? Hapo ndiyo usiseme. Bei? Bei rafiki kabisa, mtazamaji wangu. Kipindi kikaisha bila kasoro hata moja kutajwa, hata ya kusingizia. Kama simu ile ingekuwa na mama mzazi, naamini angeona haya kidogo.

Mpwa wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, pedi ya gemu kifuani. Hakuinua hata kichwa. "Mjomba, huyo anasoma karatasi ya kampuni." Kisha, kwa ile huruma ambayo vijana huwa nayo kwa watu wa umri wangu, akasema ngoja nikuonyeshe mtu anayehakiki kitu, akafungua kipande cha zamani cha kipindi cha Kimarekani kiitwacho X-Play.

Gemu iliyokuwa kwenye kiti moto ni ya malori: Big Rigs: Over the Road Racing, iliyotoka 2003. Boksi lake liliahidi mashindano ya malori yaliyobeba mizigo haramu, polisi wakiwa nyuma yako. Ukiifungua, mzigo hakuna na polisi hakuna. Lori linapita katikati ya nyumba bila kupata mkwaruzo. Linapanda mlima uliosimama wima kwa mwendo uleule wa barabarani. Likifika darajani, linatitia na kupita kama vile daraja halikujengwa. Mpinzani wako anabaki palepale mlipoanzia, hatikisiki, kwa hiyo kushindwa ni kazi kubwa kuliko kushinda. Ukirudi rivasi, mwendo unapanda, unapanda, haukomi. Na ukimaliza, unapewa kikombe cha dhahabu chenye mikono mitatu na pongezi ambazo hata sarufi yake imekosewa.

Kitu hicho kiliuzwa madukani, na watu wakalipa.

Morgan Webb, mtangazaji mwenza wa X-Play, alikataa kuipa alama. Mizani ya kipindi ilianzia 1 ikaishia 5, haikuwa na sifuri, na yeye hakuona haki kuipa gemu ile hata hiyo moja. Nilicheka hadi mpwa wangu akapata wasiwasi. Baadaye kicheko kiliponitoka ndipo nilipoona kilichofanyika: mzaha ule ulikuwa hukumu kamili. Mtazamaji aliondoka akijua asiitoe pesa yake, na akajua kwa nini. Kwa siku nzima nikawa napima mambo mawili yale, kijana wa simu na dada wa malori, na hasira yangu ikakua badala ya kupungua.

Kwa wasiokijua, kipindi hicho kilianza 1998 kwa jina la GameSpot TV, Adam Sessler akiwa miongoni mwa watangazaji wake wa mwanzo. Kikabadili jina mara mbili, kikawa X-Play mwaka 2003, Sessler na Webb mbele ya kamera, kikadumu hadi mwanzoni mwa 2013. Fomula yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: gemu mpya, maigizo mafupi ya kipuuzi, kejeli, kisha alama. Wakati mwingine maigizo yaliumeza uhakiki, nakiri, ukabaki unajiuliza hiyo gemu yenyewe iko wapi. Lakini alama ilikuja, na mara nyingi ilikuja ikiuma.

Hawakuwa peke yao. Uingereza walikuwa na GamesMaster kwenye Channel 4 tangu 1992. Mtangazaji wake alikuwa Dominik Diamond, mtu mwenye ulimi mkali, na kichwa kilichoelea kikitoa ushauri na hukumu kilikuwa cha Patrick Moore, mwanaastronomia mzee ambaye tangu 1957 alikuwa akiwaonyesha Waingereza nyota. Australia walikuwa na Good Game kwenye ABC, shirika la utangazaji la umma, kuanzia 2006 hadi 2016, watangazaji wawili wakitoa kila mmoja alama yake na kubishana hadharani pale zilipopishana.

Sasa namsikia msomaji wangu mmoja, mtu mzima, mstaarabu, akisafisha koo. Anasema: kazi ya mtu haichekwi. Kuna vijana waliokesha wakiitengeneza gemu hiyo, wengine wana watoto, halafu wewe unakaa studio na kuwadhihaki. Huo si uhakiki, ni utovu wa adabu. Mwafrika hasemi hivyo.

Namheshimu, lakini hapo mwisho ananishangaza. Mwafrika yupi huyo? Sisi ndio wenye utani! Wahehe na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19, na leo Mngoni anaweza kusimama mbele ya Mhehe akamwambia maneno ambayo jirani yake wa ukuta mmoja asingethubutu. Mtani anafika msibani, watu wote wanalia na kumsifu marehemu kwa sifa ambazo hakuwa nazo, yeye anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anakumbusha madeni aliyoyaacha, anauliza ni nani sasa atakayewamalizia pombe. Waliokuwa wakilia wanacheka. Hakuna anayempeleka baraza la wazee. Tumempa ruhusa hiyo sisi wenyewe, kwa sababu tulijua zamani kwamba jamii ambayo kila mtu anasifu inahitaji angalau mtu mmoja aliyeruhusiwa kusema.

Lakini utani una masharti, na hapa ndipo msomaji wangu ana nusu ya haki. Katika jamii nyingi zenye utani, mtani haji msibani kucheka tu. Anachimba kaburi, anabeba, anahangaika na maji na kuni wakati wenye msiba wamekaa chini. Mzaha wake ameulipia kwa jasho. Tena naye hutaniwa, na akitaniwa hanuni. Atakayekuja kucheka bila kushika jembe, huyo si mtani, ni mzushi, na nitamsaidia msomaji wangu kumfukuza.

Kwa kipimo hicho wachekeshaji wa gemu wanapita. Ili ujue lori linatitia darajani, sharti uliendeshe hadi darajani. Ili ucheke mpinzani asiyeondoka, sharti umsubiri. Gemu moja inaweza kumla mtu saa 20, nyingine saa 60, na mhakiki wa kweli anazicheza hata zile ambazo kwa hiari yake angezikimbia. Kule Japani, tangu 2003, mchekeshaji Shinya Arino amekuwa akivaa sare ya mfanyakazi wa kiwandani katika kipindi cha GameCenter CX na kukaa mbele ya gemu za zamani akijaribu kuzimaliza. Si fundi. Anakufa, anarudia, anakufa tena palepale, usiku unaingia, na mara nyingine anashindwa kabisa. Yeye hatoi alama, lakini akisema mahali fulani gemu imekosa huruma, nani atambishia? Watu wanamwona akihangaika.

Mlinganishe na kijana wetu wa simu. Je, aliichaji hata mara moja? Aliipigia nani? Ilikaa mfukoni mwake katika daladala ya saa kumi na moja jioni? Hakuna dalili. Kutosema kasoro hakumfanyi awe na adabu. Kunamfanya awe hajafanya kazi. Na heshima anayodhani anaipa kampuni, ameitoa mfukoni mwa mtazamaji.

Nitajibiwa kwamba sababu ni pesa, kwamba televisheni inaendeshwa kwa matangazo na huwezi kumtukana anayekulisha. Hilo ni kweli, na wenzetu nao limewatafuna. Diamond wa GamesMaster aliuacha msimu wa tatu kwa sababu kipindi kilikuwa kimepata udhamini wa McDonald's na yeye hakuutaka, akarudi baadaye. Kisa kikubwa zaidi ni cha Jeff Gerstmann. Mwaka 2007 alikuwa mhariri katika tovuti ya GameSpot, ileile iliyokipa kipindi cha Sessler jina lake la kwanza. Aliipa gemu ya Kane & Lynch alama 6 kati ya 10, wakati kurasa za tovuti zimepakwa matangazo ya gemu hiyohiyo. Akafukuzwa kazi. Miaka ilipita kabla hajaruhusiwa kueleza wazi, na alipoeleza, mwaka 2012, kikathibitika kile ambacho wasomaji walikuwa wamekishuku tangu siku ya kwanza: watangazaji wa biashara walikuwa wamelalamika, na wakubwa wake wakayumba.

Ona basi tofauti. Kule, mtu alipofukuzwa kwa kutoa 6, ilikuwa kashfa, na wenzake kadhaa wakaacha kazi nyuma yake. Hapa, je, nani angefukuzwa? Hakuna aliyewahi kutoa 6.

Tena usidhani kampuni zinategemea matangazo peke yake. Desemba 2020 kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ilitoa Cyberpunk 2077, gemu iliyongojwa kwa miaka. Wahakiki walipewa mapema nakala za kompyuta tu, na kwa siku za mwanzo hawakuruhusiwa kuonyesha video walizozirekodi wenyewe. Sifa zikamiminika. Siku ya kuuzwa ilipofika, wenye PlayStation 4 wakakuta gemu inakwama, watu hawana nyuso, magari yanaanguka kutoka angani. Baada ya wiki moja hivi, Sony wakaiondoa katika duka lao la mtandaoni na kuahidi kurudisha fedha. Walioleta ukweli kwa kasi wakati ule ni watu wa kawaida, kwa video za sekunde chache zilizochekesha dunia nzima. Sifa zilizopangwa vizuri zilizidiwa mbio na kicheko.

Ndiyo maana siwakubalii wanaosema mzaha ni pambo la uhakiki, eti ungeweza kuutoa ukabaki na ukweli mkavu. Ukweli mkavu unapangika. Unaweza kuandika "gemu hii ina changamoto chache za kiufundi" na kila mtu akabaki salama, wewe, mdhamini na bosi wako. Lakini huwezi kumchekesha mtu kwa "changamoto chache za kiufundi". Ili acheke, sharti aione nyumba na lori likipita ndani yake. Mzaha mzuri unalazimisha kitu kitajwe kwa jina lake.

Kuna pingamizi la mwisho, nalo hutolewa kwa tabasamu la kudharau: hayo ni magemu, mambo ya watoto. Gemu kubwa mpya siku hizi huuzwa dola 70 za Marekani, zaidi ya shilingi laki moja na nusu za Tanzania. Mtoto gani huyo? Muulize mwenye banda la gemu la mtaani, anayelipisha mechi kwa mechi, ambaye amekopa ili anunue mashine na diski, kama kwake ni mchezo. Akinunua diski mbovu, hana wa kumlalamikia. Muuzaji atamwambia mbona kwenye televisheni walisema ni kali. Na anayedanganywa kwenye gemu leo ndiye atakayedanganywa kwenye simu kesho, kiwanja keshokutwa, na sera baada ya hapo. Tunawalea watazamaji wanaodhani kuhakiki maana yake ni kusifu kwa sauti ya juu.

Sijui kama vijana wetu wangeweza kutengeneza kipindi cha namna hiyo, ningependa kuliacha kama swali. Lakini mbona nimewasikia vijiweni? Wachambue mpira wa Simba na Yanga, kisha uniambie kama nchi hii imekosa watu wanaoweza kukosoa, kwa ushahidi na kwa kuvunja mbavu, kitu wanachokipenda. Kipaji kipo, tena kinazagaa. Kilichokosekana ni meza ya kukiweka.

Ataniuliza mhariri wa vipindi: nani atakilipia, ikiwa kazi yake ni kuwaudhi watangazaji wa biashara? Swali hilo Waaustralia walilijibu kwa miaka 10: Good Game ililipiwa na walipa kodi, kwenye televisheni ya umma isiyo na matangazo ya biashara. Raia akilindwa asinunue takataka, hiyo nayo ni huduma. Sisi pia tuna shirika la umma, TBC, na sisi pia tunalipa kodi. Nusu saa kwa wiki, vijana wawili wenye ulimi na subira, na ruhusa ya maandishi ya kusema "msinunue". Mdhamini asihitajike, maana mteja wa kipindi hicho ameshalipa.