Jina na Mahali pa Mjusi wa Kimboza

Mjusi kafiri huhukumiwa kwa jina kabla hajaonekana. Watoto wengi wa Pwani humpiga kwa sababu ya kisa cha moto wa Nabii Ibrahimu, ambao inasemekana aliupuliza uzidi kuwaka. Huyo jina limemtia hatiani. Yupo ndugu yake mdogo aliyepewa jina la heshima, nayo heshima ikamponza.

Mwaka 1952 Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama watambaao wa Chuo Kikuu cha Harvard, alimwita Lygodactylus williamsi, kwa kumuenzi John Williams, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Nairobi. Ni mjusi asiyezidi kidole kwa urefu. Dume ni samawati iliyokolea, jike ana kijani cha kufifia. Huishi juu ya mikadi, ile mimea yenye majani marefu ya miiba, katika msitu wa Kimboza chini ya milima ya Uluguru, Morogoro. Msitu wenyewe haufiki kilomita za mraba 5. Ukiuacha huo na vipande vichache vya jirani, hapatikani porini kwingine kokote duniani.

Je, ni haki kutangaza makazi ya kiumbe asiye na pa kukimbilia? Kanuni za sayansi zinamtaka mtoa jina aseme kielelezo kilitoka wapi, la sivyo hakuna awezaye kumhakiki. Lakini maelezo hayo ni ramani pia. Wafanyabiashara walipoona rangi ile inapendwa Ulaya, mijusi ikakamatwa kwa maelfu, na mikadi ikakatwa ili kuifikia.

Wapo wasemao bora asingepewa jina. Siwaungi mkono. Tanzania na Umoja wa Ulaya walipopendekeza mwaka 2016 alindwe na mkataba wa CITES, waliandika jina lile lile la Loveridge, na tangu Januari 2017 ni marufuku kufanya biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini. Afisa wa forodha hawezi kuzuia “kamjusi fulani ka samawati”. Tena jike hufanana na spishi nyingine za jamii yake, hivyo bila jina mabishano yasingekwisha.

Mahali ni jambo jingine. Kwa msomaji wa kawaida, kutaja wilaya kunatosha. Alama za mti hasa wabaki nazo wanaolinda msitu na wanaohakiki utafiti. Hata hivyo kuficha hakumgusi mtu mmoja: mwanakijiji, ambaye hakuhitaji jarida lolote kuujua mkadi wake. Akijiwa na mnunuzi mwenye pesa mkononi, ukimya wa mtafiti haumsaidii kukataa. Kwa hiyo mtafiti anayeondoka na jina, picha na cheo namdai zaidi ya kunyamaza. Namdai arudi Kimboza kabla ya mnunuzi, aeleze kwa Kiswahili alichokiandika kwa Kiingereza, na asikilize wenyeji wanataka nini badala ya bei ya mjusi.