Ada na Sikio

Mzazi akishalipa ada na kununua madaftari, je, deni lake kwa mwana limekwisha? Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, naye mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia. Katika beti za mwanzo humwita asogee karibu, aje na wino na karatasi. Elimu ile ilianza kwa kuitana na kuketi pamoja.

“Mie sikusoma, nitamsaidiaje?” huuliza wengi. Asiyejua hesabu aweza kumwambia mwanawe, “Nieleze ulichofunzwa leo,” kisha akamsikiliza hadi mwisho. Mwana aelezapo hutambua mwenyewe alipokwama. Kesho atamuuliza mwalimu.

Ada yaweza kukopwa kwa jirani. Sikio la mzazi halina mkopeshaji.