Aibu Hii Ni ya Nani?

Yafaa tuulizane swali ambalo wengi wetu hulikwepa: je, mtoto ana ruhusa kulisema lile ambalo mzazi wake alilificha mpaka kufa?

Nauliza kwa sababu baba yangu alipofariki tulifungua sanduku lake la bati, na chini ya stakabadhi za kodi tukakuta cheti cha ubatizo cha bibi yake, pamoja na barua ya padre. Siku zote tuliambiwa kwamba sisi ni waungwana wa Kishirazi. Barua ilisema mengine. Bibi huyo alikuwa mateka, Mnyasa, aliyeokolewa jahazini na manowari ya Kiingereza akiwa mtoto, akalelewa na misheni huko Mbweni, Unguja.

Habari za Mbweni zajulikana. UMCA walinunua shamba lile mwaka 1871, miaka miwili kabla ya Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Mkunazini, mahali liliposimama Kanisa Kuu hata leo. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la watu waliowekwa huru, wakaanzisha kijiji Masasi. Mimi mwenyewe niliyaandika hayo ubaoni miaka mingi, bila kujua kwamba nasimulia habari za nyumbani kwetu.

Kwa nini baba alinyamaza? Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini ndimi za watu hazikufutwa. Palipokuwa na posa wazee waliuliza asili, na jibu baya lilitosha kuirudisha posa. Siwezi kumwita mwongo mtu aliyejenga ukuta ili upepo usitupige. Hata hivyo ukuta ule ulisimama juu ya wazo lenye ila, kwamba mwenye aibu ni yule aliyeuzwa. Haya, mtu akiibiwa ng'ombe, nani aone haya, mwizi au mwenye ng'ombe? Na bibi huyu hakuibiwa ng'ombe. Aliibiwa yeye mwenyewe.

Tusome Kumbukumbu la Torati sura ya 26. Mwisraeli aliyeleta kikapu cha malimbuko aliamriwa kukiri, mbele za Mungu, kwamba mzee wake alikuwa mtu wa kutangatanga, na kwamba watu wake walitumikishwa Misri. Alisema hayo akiwa tayari na shamba na mavuno yake, wakati ambapo ingekuwa rahisi kabisa kusahau.

Wapo pia wanaovuka mpaka upande wa pili, wakavaa unyonge wa wazee wao kama nishani. Hilo nalo silipendi. Yule alikuwa mtoto aliyelia njiani, si pambo letu.

Shangazi yangu, aliyebaki peke yake katika kizazi cha baba, hataki habari hii isikike, hasa sasa ambapo mjukuu wake anaposwa. Kwa heshima yake nimeomba jina langu lisichapishwe hapa, wala kijiji chetu sikitaji. Lakini wanangu nimewasomea barua ile yote. Kitindamimba akauliza bibi aliitwaje nyumbani kwao kabla ya kubatizwa. Nikakitazama tena cheti, mbele na nyuma. Limeandikwa jina la ubatizo tu.