Kila Kitu Kizima, Bado Kimya

Kitu kikikataa kufanya kazi, swali la kwanza kwetu huwa moja: nani ameharibu? Stima ikipotea, ni jirani. Harusi ikivurugika, ni shangazi. Tunatafuta mtu kabla ya kutafuta chanzo. Mimi nataka kutetea swali lingine, na aliyenifundisha ni redio.

Si redio ya kusikilizia matangazo ya vifo. Nazungumzia redio ya ridhaa, ya wale watu wenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na majina ya hewani yanayoanza na 5Z4, ambao wanaweza kufika Japani kutoka uani bila bando hata moja. Siku hizi wengi wao hata hawaongei. Wanaunganisha redio na kompyuta, halafu programu inatuma na kupokea. Mtindo unaopendwa sana ni FT8, uliotoka mwaka 2017, kazi ya Steve Franke na Joe Taylor. Taylor huyo ndiye aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993.

Sasa tuseme uko Lanet ama Section 58. Umetundika antena ya waya, umechomeka kebo ya USB, umefungua programu. Kimya. Programu inasema haioni redio. Utamlaumu nani?

Anza na kebo. Nyingi za bei rahisi ni za kuchaji tu, ndani hazina nyaya za kupitisha data. Simu itajaa vizuri, lakini kati ya redio na kompyuta halipiti neno. Kisha angalia draiva, maana bila hiyo kompyuta haijui umeichomekea nini. Kisha poti: programu moja ikiishika, ya pili inafungiwa nje. Kisha kasi. Redio imewekwa 9600, programu inasubiri 38400. Hapo ndipo mambo yananoga, kwa sababu redio ni nzima, kompyuta ni nzima, kebo pia ni nzima. Kila upande unaongea sawasawa kwa kasi yake, na mwenzake anasikia takataka.

Saa nayo ni hatari zaidi. FT8 hukata muda vipande vya sekunde 15: unatuma kwa sekunde 12.64, kipande kinachofuata unanyamaza umsikilize mwenzako. Saa ya kompyuta yako ikichelewa sekunde nne tu, mawimbi yataingia, utayaona yakishuka kwenye skrini kama mvua, na hakuna neno litakalosomeka. Hakuna kilichovunjika. Hamjakubaliana tu kwamba sasa ni saa ngapi.

Nadhani ugomvi mwingi wa nyumbani ni wa aina hii. Baba yuko Njoro, anaonyesha upendo kwa kulipa karo na kunyamaza. Binti yuko mjini, anasubiri kuulizwa amelalaje. Wote wanatuma. Ukiuliza nani mbaya, jibu utapata, kwa kuwa mtu wa kulaumiwa hakosekani. Mawasiliano ndiyo hutapata. Afadhali uulize: tulikubaliana nini, na lini?

Lakini hebu tusimame hapo, kwa sababu swali hili zuri linaweza kuwa kichaka cha kujificha. Sisi wa Nakuru tunajua. Mwishoni mwa Januari 2008 watu waliuawa hapa na Naivasha, nyumba zikachomwa. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari, na baadaye Tume ya Waki ikahesabu vifo 1,133 nchini kote. Tangu wakati huo kuna lugha ya adabu inayosema ati jamii "zilikosa kuelewana". Hapana. Aliyewasha kiberiti hakuwa na saa iliyochelewa. Ukiuita uovu kutoelewana, unamwambia aliyechomewa nyumba kwamba naye akarekebishe mipangilio yake.

Tutatofautishaje basi? Fundi mzuri wa redio ana nidhamu. Anabadilisha kitu kimoja, anajaribu, anaandika matokeo, ndipo anagusa kingine. Akibadilisha vitatu kwa mpigo na redio ikaongea, amebahatika tu, hajajua tatizo lilikuwa wapi. Haanzi na mshukiwa. Lakini akishajaribu kebo ileile kwenye kompyuta tatu na ikakataa kote, hasemi kwamba pande zote zina makosa. Anasema kebo imekufa, anaitupa. Kugawa lawama nusu kwa nusu kunafanana na haki, ila mara nyingi ni uvivu wa kupima.

Kwa watu kipimo ni hichohicho. Mtu ambaye mmepishana kasi tu, ukimwonyesha kasi yako atasogea, hata kama ni kidogo, hata kama ni kwa kununa. Mwenye nia mbaya alikuelewa tangu mwanzo, na hata umweleze mara ngapi, ataendelea vilevile. Kwa hivyo jieleze kwanza, waziwazi, bila kumhukumu. Ukishaeleweka na jambo likaendelea, usirudi tena kwenye mipangilio. Taja kilichokufa kwa jina lake.