Jasho Hufungua Mfuko

Tangu mwaka 2002, Mgodi wa Dhahabu wa Geita huandaa safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Wapo wanaouliza: mlima wa nini, si watoe tu hizo fedha? Hoja ina uzito, lakini jasho ndilo linalofungua mfuko wa jirani. Akikuona unajitesa kwa ajili ya mtoto asiye wako, huona haya kukunyima. Wengine husema kuchangia hisani ni kazi ya matajiri. La hasha, misiba yetu tunaichangia kwa mia tano mia tano, daftari likizunguka nyumba kwa nyumba, na marehemu anasitiriwa. Basi daftari la matembezi ya hisani kama hayo ya mlimani likibisha hodi, andika jina lako, kisha dai usomewe mapato na matumizi.